Kisanduku cha sabuni kinavyoweza kuliokoa gitaa safarini

Na Mwandishi Wetu, Tanga

MPIGA ngoma yeyote wa pwani anafahamu kwamba wakati wa masika ngoma haipigwi kabla ya kupashwa moto. Ngozi ikishakunywa unyevu wa hewa hulegea, na mlio wake huwa kama wa debe lililojazwa nguo. Ndiyo maana pembeni mwa uwanja huwashwa makuti makavu, ngoma zikaelekezwa motoni, na baada ya dakika chache ngozi hukaza na kuanza kulia.

Jambo ambalo halifahamiki sana ni kwamba mbao za gitaa, udi, fidla na ganuni nazo hunywa na kutema unyevu vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mbao hufanya hivyo polepole na kimyakimya, na madhara yake hayaponywi kwa moto wa makuti.

Kwa wakazi wa Mabawa, Ngamiani, Makorora na mitaa mingine ya Jiji la Tanga, suala hili si geni kama linavyoweza kudhaniwa. Huu ndio mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoipa taarabu sura mpya katika miaka ya 1960 na 1970 kwa kuweka gitaa na besi mahali ambapo Zanzibar iliweka udi na ganuni. Ndiko alikoimba Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016. Magitaa ya zama zile na ya baada yake bado yamo majumbani, mengine yakiwa yametundikwa ukutani, mengine yakisafiri kila palipo na harusi.

Hatari inaanzia hapo kwenye kusafiri.

Mwaka 2011 mwandishi wa makala haya alisafiri na gitaa la marehemu mjomba wake kutoka Mabawa kwenda Dodoma kwenye harusi ya ndugu. Ilikuwa mwezi Septemba. Gitaa lilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa, likapita Segera, Chalinze na Morogoro likiwa zima, na usiku wa kuamkia harusi likapigwa bila tatizo. Siku ya nne, lilipotolewa pembeni ya kabati lilikoegemezwa, uso wake ulikuwa na ufa wa kiasi cha shubiri moja, kuanzia kwenye daraja la nyuzi kwenda chini. Hakuna aliyekuwa ameliangusha. Watoto wa nyumba ile walilaumiwa bure, na mmoja wao alichapwa.

Aliyelipasua gitaa lile alikuwa hewa.

Ili kuelewa ilivyokuwa, yafaa kwanza tueleze kinachopimwa. Watu wa hali ya hewa wanapotaja unyevuanga wa asilimia 80, wana maana kwamba hewa imebeba sehemu 80 kati ya 100 za mvuke wa maji inaoweza kubeba katika joto lililopo. Hapa Tanga unyevuanga mara nyingi huwa juu ya asilimia 70, na alfajiri hupanda zaidi ya hapo kwa mbali. Dodoma wakati wa kiangazi, mchana unaweza kushuka chini ya asilimia 40.

Ubao hutafuta kulingana na hewa inayouzunguka. Ukikaa muda mrefu kwenye hewa ya asilimia 75, maji yaliyomo ndani yake hufikia kiasi cha asilimia 14 ya uzito wa ubao mkavu. Ukihamishiwa kwenye hewa ya asilimia 30 ukaachwa huko, maji hayo hushuka hadi asilimia 6 hivi. Kwa gitaa ambalo mbao zake zina uzito wa kilo moja na nusu, maana yake ni kupoteza zaidi ya gramu 100 za maji, yaani karibu nusu glasi.

Maji hayo yakitoka, ubao hunywea. Hauneywei kwa urefu bali kwa upana, kukatisha nyuzi za mti. Uso wa udi wenye upana wa sentimita 36, uliotengenezwa kwa mbao laini za jamii ya misonobari kama ilivyo kawaida, ungepungua kiasi cha milimita 4 kama ungeachwa huru. Lakini haukuachwa huru. Umegundishwa pande zote kwenye mwili wa ala, na kwa ndani umeshikwa na vijiti vilivyogundishwa kuukatisha. Unataka kunywea na umezuiwa. Mwisho wake hupasuka pale palipo dhaifu.

Kabla ya ufa kuna dalili, nazo ni rahisi kuzijua. Ya kwanza huonekana kwenye shingo ya gitaa: ubao wa shingo ukinywea, ncha za vile vyuma vilivyopangwa juu yake huchomoza pembeni na kukwaruza kiganja. Ya pili ni nyuzi kuanza kupiga kelele kama nyuki, kwa kuwa uso wa gitaa umezama na nyuzi zimeteremka zikagusa vyuma. Anayeziona dalili hizo akiwa ugenini bado anao muda, ingawa si mwingi.

Hata mpingo, mti wetu wa Kilwa na Lindi unaosifika duniani kwa kutengenezewa zumari za Kizungu za aina ya klarineti na obo, haujasalimika. Ugumu wake wote haujauzuia kupasuka ukipelekwa kwenye hewa kavu ghafla.

Sasa tuje kwenye kinga.

Hila tunayoieleza hapa inajulikana zaidi kwa wavutaji wa biri, zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyoviringwa. Biri ikikauka, jani la nje hupasuka na moto huwa mkali. Ikiloa kupita kiasi huota ukungu. Kwa hiyo wenye biri za gharama husafiri nazo ndani ya visanduku vyenye sponji yenye maji, na wengine hujitengenezea vifaa hivyo wenyewe kwa vitu vya nyumbani. Madhara ya tumbaku yanajulikana, nasi hatuna nia ya kuisifia. Tunaazima kisanduku tu.

Tukikiazima, hatuna budi kubadili kipimo. Kampuni ya Boveda ya Marekani, inayouza vifuko vya kutuliza unyevu, ina vifuko vya asilimia 69 na 72 kwa ajili ya biri, na vingine vya asilimia 49 kwa ajili ya ala za muziki za mbao. Kinachoifaa biri ni kingi mno kwa gitaa. Wenye biri pia huchanganya maji na kimiminika kiitwacho propilini glaikoli ili sponji isiote ukungu. Kwenye ala ya muziki mchanganyiko huo usitumike, maana tone lake likiangukia vanishi huiharibu.

Kifaa chenyewe ni kikasha cha plastiki cha kuwekea sabuni, kile chenye mfuniko ambacho wanafunzi wa bweni huenda nacho shuleni. Toboa mfuniko wake kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, matundu kati ya 15 na 20, na pande nyingine zote uziache nzima. Kata kipande cha sponji mpya ya kuoshea vyombo kijae ndani bila kubanwa. Kama sponji ina upande mgumu wa kusugulia, uondoe.

Maji yawe yale yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke wake, ambayo huuzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kwa ajili ya kuongezea kwenye betri za magari. Hapa tahadhari inahitajika: maduka hayo hayo huuza asidi ya betri, na chupa zake zinaweza kufanana. Soma maandishi, na kama huna hakika, acha. Maji ya bomba au ya kisima yanaweza kutumika kwa safari moja, lakini chumvichumvi zake huziba vitundu vya sponji baada ya muda, na maji yasiyo safi huleta harufu.

Lowesha sponji, kisha ikamue. Ikamue tena. Mwisho ibane ndani ya kitambaa kikavu, na kama kitambaa kimetota, bado. Sponji inayofaa ni ile ambayo ukiigusa unahisi ubaridi lakini kidole hakitoki na maji. Watu wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba maji mengi ndiyo kinga kubwa. Tone moja likidondoka ndani ya sanduku la gitaa laweza kuacha doa la kudumu, na likiingia kwenye tundu la sauti hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa ubao wa ndani haukupakwa vanishi. Kwa sababu hiyo mwandishi hakubaliani na wale wanaoning'iniza sponji ndani ya tumbo la gitaa, ingawa vifaa vya namna hiyo vinauzwa. Kikasha kikae nje ya gitaa, karibu na kichwa chake, matundu yakitazama juu, na kifungwe kwa utepe kisitembee.

Hata hivyo, kikasha hicho si nusu ya kinga. Kinga kubwa zaidi ni sanduku lenyewe kufunga vizuri, na hesabu yake inashangaza.

Tuchukulie kwamba sanduku la gitaa lina hewa ya lita 100. Kuipandisha hewa yote hiyo kutoka unyevu wa asilimia 30 hadi 50, katika joto la nyuzi 25 za sentigredi, kunahitaji takriban nusu gramu ya maji. Ni matone kumi hivi. Gitaa lililotoka Tanga limebeba ndani ya mbao zake maji zaidi ya mara 200 ya hayo. Kwa maneno mengine, likifungiwa ndani ya sanduku lisilovuja, gitaa lenyewe huilowesha hewa iliyolizunguka, likitoa kiasi kidogo kisichoweza kulidhuru. Shida hutokea pale hewa ile inapovuja na kuingia nyingine kavu, kisha nyingine, usiku na mchana. Kazi ya sponji ni kulipia kinachovuja.

Ndiyo maana mfuko wa kitambaa haukulifaa kitu gitaa la mjomba. Ulikuwa sawa na kuliacha wazi. Asiyekuwa na sanduku gumu anaweza kuuingiza mfuko wake ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni, wa aina inayofungia magodoro mapya, akaukunja mdomo na kuufunga kwa kamba. Hautapendeza stendi ya Kange, lakini utafanya kazi.

Linalofuata huenda likawashangaza wengine: siku ya kuondoka Tanga, usiweke sponji yenye maji. Hewa uliyofunga nayo sanduku ni ya Tanga, na ubao umeshiba. Ukiongeza maji juu ya hapo, ndani ya buti la basi lenye joto, unakaribisha ukungu. Beba kikasha kikiwa kikavu na maji kwenye kichupa pembeni, ukisubiri kipimo kikuambie.

Kipimo chenyewe huitwa haigromita. Siku hizi zipo ndogo za betri, za ukubwa wa kiberiti, zinazouzwa kwa bei nafuu pamoja na vifaa vya umeme. Kasoro yake ni kwamba nyingi husema uongo, pengine kwa asilimia 5, pengine kwa 10. Lakini mkazi wa Tanga ana bahati: cha kuisahihishia kipo jikoni.

Kila mama wa pwani ameona chumvi ikitoa jasho wakati wa masika, na wengi huweka punje za mchele ndani ya kikopo chake ili zinyonye maji. Sababu ni kwamba chumvi safi ina mpaka wake. Hewa ikiwa na unyevu chini ya asilimia 75, chumvi hubaki kavu; ikivuka hapo, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuloa. Ukiichanganya na maji kidogo iwe kama uji mzito, ukaifungia ndani ya chombo, hewa ya ndani hutulia kwenye asilimia 75 na kubaki hapo.

Basi chukua kizibo cha chupa ya maji, kijaze chumvi laini ya mezani, itie maji kidogo iloe bila kuyeyuka yote. Kiweke ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, pamoja na haigromita, bila chumvi kuigusa. Funga, iache mahali pasipo na jua kwa saa 12. Ukirudi, inapaswa kusoma 75. Ikisoma 70, ujue kila mara inapunguza 5, nawe uongeze. Chumvi ya mawe inayotoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi ya pwani isitumike kwa kazi hii, maana ina magnesi kloridi inayovuta maji mapema zaidi, na jibu halitakuwa sahihi. Ndiyo sababu pia chumvi hiyo huloa kabla ya ile ya dukani.

Haigromita ikishasahihishwa, iwekwe ndani ya sanduku pamoja na gitaa. Wakati wa kuondoka itasoma kiasi cha 70. Safarini na ugenini itateremka taratibu. Ikifika karibu na 50, hapo ndipo sponji inaloweshwa na kukamuliwa na kuwekwa. Kati ya 45 na 60 gitaa liko salama. Ikipanda juu ya 65, ondoa sponji kwa siku moja. Katika mji mkavu sponji huenda ikahitaji maji kila baada ya siku tatu au nne. Asiyependa hesabu aiguse kila asubuhi.

Ukifika, usifungue sanduku papo hapo, hasa kama limetoka kwenye joto la buti. Liache chumbani saa kadhaa. Baada ya kupiga, gitaa lirudi ndani ya sanduku. Saa mbili au tatu za kupigwa kwenye hewa kavu haziwezi kulimaliza. Kinachomaliza ni siku nne za kuegemezwa kabatini. Hali kadhalika, lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto huikausha hewa, tena huilegeza gundi, hususan ile ya asili itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo mafundi wa udi na fidla bado wanaitumia.

Wanaokwenda mbali zaidi wajiandae zaidi. Vikundi vya Zanzibar kama Culture Musical Club vimepiga taarabu Ulaya mara nyingi, na huko wakati wa baridi ukavu hupita wa Dodoma. Hewa ya nje yenye nyuzi sifuri na unyevu wa asilimia 80 ikiingizwa ndani na kupashwa hadi nyuzi 21, bila kuongezwa maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 20. Ndani ya ndege nako mara nyingi huwa chini ya hapo. Kwa safari ya namna hiyo vikasha viwe viwili, kimoja kichwani na kingine upande wa chini wa mwili wa gitaa, na nyuzi zilegezwe kidogo kabla ya kupanda ndege ili kuupunguzia uso mzigo.

Kama pamoja na yote hayo ufa umetokea, usiukimbilie kwa gundi. Hilo ndilo kosa la pili lililolipata gitaa la mjomba. Fundi mmoja seremala, kwa nia njema kabisa, alimimina supa gluu kwenye ufa ukiwa umeachama, akaupiga msasa. Gitaa liliporudi Tanga ubao ukavimba kama kawaida yake, ufa haukuwa na pa kufungia kwa sababu umejazwa gundi ngumu, na uso ukainuka kama kiganja kilichokunjwa. Ilivyopasa ni kulegeza nyuzi, kulifungia gitaa ndani ya sanduku na sponji, na kusubiri wiki mbili au tatu. Mara nyingi ufa mpya hujifunga wenyewe kiasi cha kutoonekana, na hapo fundi wa ala za muziki huingiza gundi ya mbao na kuweka kiraka chembamba kwa ndani.

Lile gitaa lilifanyiwa hivyo baadaye, baada ya gundi ya mwanzo kukwanguliwa kwa wembe kwa siku kadhaa. Linapigika, ila nyuzi zake ziko juu kuliko zamani na alama ya msasa haikutoka.

Kurudi pwani nako kuna utaratibu wake. Sponji itolewe kabla ya basi kuiacha Segera, ikaushwe juani, na kikasha kioshwe kwa maji ya moto. Sanduku lifunguliwe kwa muda mfupi siku ya kwanza, mrefu zaidi siku ya pili, ili ubao uvimbe taratibu. Wakati wa masika, haigromita ikipita 75, badala ya sponji huwekwa soksi safi iliyojazwa mchele uliokaangwa bila mafuta ukapoa, au vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Mchele huo ukaangwe upya kila wiki, na usipikwe.